Kwa nini mkono hufika kwenye simu kabla ya akili

Saa nne asubuhi, soko la Mwanjelwa jijini Mbeya. Muuza mitumba amekaa nyuma ya meza yake, wateja bado wa kuhesabu. Simu iko mfukoni, haijaita, haijatetemeka. Mkono unashuka, unaitoa, kidole gumba kinachora alama ya kuifungua, kinagusa kona ile ile ya kioo kama jana na juzi, video inaanza. Ukimuuliza papo hapo alikuwa anatafuta nini, atakosa jibu, maana hakuwa anatafuta chochote. Kutoka mfukoni hadi kwenye video ya kwanza zimepita kama sekunde tatu, na ile sehemu ya ubongo inayopima "nifanye au nisifanye" haikupata nafasi ya kusema neno.

Sekunde hizo tatu ndizo zinazostahili kueleweka. Maneno ya mtaani kwamba simu "inakaanga ubongo" yanawatisha wazazi bila kuwaambia la kufanya, na yanampa kijana kisingizio kwamba keshaharibika. Kinachojulikana kuhusu ubongo na intaneti ni kidogo kuliko inavyodaiwa, lakini kile kidogo kinatosha kuonyesha pa kushika.

Kwanza, jina la tatizo. Mwaka 1996 mwanasaikolojia wa Marekani, Kimberly Young, alianza kuwaeleza wenzake juu ya watu walioshindwa kujitoa kwenye intaneti, na baadaye akatunga dodoso la maswali 20 ambalo bado linatumika katika tafiti nyingi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliorodhesha tatizo la michezo ya intaneti miongoni mwa mambo yanayohitaji utafiti zaidi, kikataja dalili tisa na kusema mtu awe na tano au zaidi ndani ya miezi 12. Shirika la Afya Duniani lilikwenda mbele zaidi: katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika 1 Januari 2022, uraibu wa michezo ya video na uraibu wa kamari vimo. Uraibu wa intaneti kwa ujumla haumo.

Alama tatu za uraibu wa michezo zilizotajwa na shirika hilo zinafaa kukaririwa na kila mzazi. Mtu ameshindwa kujidhibiti: kuanza, kuacha, muda, mara ngapi. Jambo hilo limepanda juu ya mengine yote, hata chakula, usingizi na kazi. Na anaendelea nalo, au analizidisha, ingawa madhara anayaona kwa macho yake. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Saa hazikutajwa popote. Dada wa Tukuyu anayetafuta wanunuzi wa maparachichi kwa WhatsApp saa saba kwa siku hana uraibu, ana biashara. Kijana wa Kihesa anayecheza saa tatu tu, lakini saa hizo ni kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, na mitihani ya chuo inampita mmoja baada ya mwingine, huyo ndiye wa kuangaliwa.

Taa na juisi

Dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari, imebandikwa jina la "kemikali ya furaha", na jina hilo limepotosha watu wengi kuliko lilivyowasaidia. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli za dopamini ndani ya ubongo wa nyani waliokuwa wakidondoshewa juisi mdomoni. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika. Kisha taa ikawa inawashwa kila mara kabla ya juisi. Nyani walipoizoea, mchangamko ulihamia kwenye taa, na juisi yenyewe ilipokuja seli hazikushtuka tena. Taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zilinywea chini ya kiwango chao cha kawaida, tena wakati ule ule juisi ilipokuwa ikisubiriwa.

Kwa hiyo seli hizo hubeba habari ya tofauti: nilitarajia nini, nimepata nini. Na zikishajifunza, hulipuka kwa ishara kabla ya kitu chenyewe kufika.

Sasa rudi Mwanjelwa. Juisi ni ujumbe mzuri, kichekesho, au matokeo ya mkeka wa kubeti uliotiki. Taa ni mtetemo, ni ile namba nyekundu juu ya alama ya programu. Baada ya miezi kadhaa taa zinaongezeka bila mtu kujua: kukaa kwenye kiti cha daladala ni taa, kusubiri sufuria ichemke ni taa, mteja kuondoka bila kununua ni taa. Ndiyo maana mkono hushuka mfukoni hata simu ikiwa kimya. Ishara ilishawaka, ni kwamba haikuwaka kwenye simu.

Kuna kitu kingine kinachoongeza nguvu ya ishara, nacho ni kutokuwa na uhakika. Mwaka 2003 kundi la Schultz lilionyesha kwamba wakati wa kusubiri, baadhi ya mchangamko wa seli za dopamini hupanda polepole, na hupanda zaidi pale uwezekano wa kupata unapokuwa nusu kwa nusu. Ukiwa na hakika utapata, haupandi. Ukiwa na hakika utakosa, haupandi. Mtu anayetelezesha video kwa kidole yuko hapo katikati kila baada ya sekunde kumi: video sita hazina maana, ya saba inamvunja mbavu, tatu zinazofuata hazina kitu. Anayebeti anaishi hapo hapo. Kama kila video ingekuwa nzuri, watu wangeshiba mapema.

Lipo jambo linalowachanganya sana waathirika wenyewe. Wanasema, "Nilikaa mpaka saa nane usiku, na wala sikuwa nafurahia." Wanasikika kama waongo, lakini wanasema kweli. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ameonyesha kwa miaka mingi kwamba kutamani na kufurahia ni kazi mbili tofauti za ubongo. Panya walioondolewa karibu dopamini yote hawakwenda kutafuta chakula, lakini sukari ikiwekwa mdomoni bado walilamba kwa ile mikunjo ya uso ya kuridhika. Kufurahia kulibaki, kutamani kulikufa. Kwa binadamu mwenye uraibu mambo huenda kinyume: tamaa inakua mwaka hadi mwaka huku raha ikichuja. Kumwambia mtu wa namna hiyo "unapenda sana starehe" ni kukosea tatizo lake kabisa.

Michi miwili, kinu kimoja

Mashine zinazopiga picha za ubongo ukiwa kazini hazioni mawazo, na hazioni dopamini. Zinaona damu. Eneo la ubongo linapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka hapo, na sumaku kubwa ya mashine, mara nyingi tesla 3, yaani zaidi ya mara 50,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, hunasa badiliko hilo. Damu huchelewa, kilele chake huja kama sekunde tano baada ya seli kuchangamka. Ubongo hugawanywa katika vijichemba vya takriban milimita tatu, na kila sekunde mbili hivi picha nzima hupigwa upya.

Watafiti wa uraibu wa intaneti mara nyingi hawaulizi ni eneo gani limewaka. Wanauliza ni maeneo gani yanapanda na kushuka pamoja. Fikiria umekaa nje jioni, na nyumba ya jirani wanatwanga. Ukuta umekuzuia kuwaona, lakini kwa mdundo tu unajua kinu ni kimoja na michi ni miwili, kwa sababu inapokezana bila kugongana. Mdundo ukianza kuyumba, unajua mmoja amechoka au wamepotezana. Watafiti hufanya vivyo hivyo: wanasikiliza mdundo wa eneo moja na wa jingine, wanapima zinavyofuatana, na kipimo hicho wanakiita muunganiko. Hakuna waya uliokatika. Ni mwendo.

Makundi matatu ya maeneo hutajwa sana. (Kitaalamu huitwa mitandao, lakini hapa neno hilo litatuchanganya na la simu.) Kundi la mapumziko hufanya kazi mtu asipokuwa na shughuli: anawaza ya jana, anapanga ya kesho, anajifikiria. Kundi la udhibiti, ambalo sehemu yake kubwa iko mbele ya ubongo nyuma ya paji la uso na nyingine juu kuelekea kisogoni, hushikilia lengo na kuzuia mkono. Kundi la tatu huamua kipi kati ya vyote vinavyoingia kinastahili kusikilizwa sasa hivi, na humpasia mpira mmoja wa wale wawili.

Kazi ya kundi la udhibiti unaweza kuionja bila mashine. Andika neno KIJANI kwa kalamu nyekundu, NYEKUNDU kwa kalamu ya buluu, na mengine kumi ya namna hiyo. Sasa taja haraka rangi ya wino bila kusoma neno. Ule mkwamo unaousikia ndimi zikigongana ni kundi la udhibiti likizuia jibu lililozoeleka ili jibu sahihi lipite. Kipimo cha aina hiyo hutumika ndani ya mashine, pamoja na kingine ambapo herufi zinapita kwenye kioo na mtu anabonyeza kwa kila herufi isipokuwa moja aliyokatazwa. Kinachohesabiwa ni mara ngapi kidole kimebonyeza pale kilipotakiwa kutulia. Muuza mitumba wetu, katika zile sekunde tatu, alikuwa akifanya mtihani huo huo.

Mwaka 2024 watafiti wawili wa chuo cha University College London, Max Chang na Irene Lee, walikusanya tafiti 12 za namna hii, zenye vijana 237 wa miaka 10 hadi 19 waliotambuliwa kuwa na uraibu wa intaneti. Muunganiko ndani ya kundi la udhibiti, kwa ujumla, ulikuwa umepungua. Katika kundi la mapumziko matokeo yalichanganyika: maeneo mengine yalipanda, mengine yalishuka. Hilo la pili magazeti mengi hulipita haraka, na halipaswi kupitwa, maana linasema picha bado haijakaa sawa.

Gawa 237 kwa 12 uone: hawafiki vijana 20 kwa utafiti. Tafiti zenyewe zilifanyika Asia. Na kwa kawaida kijana alipimwa mara moja. Kipimo cha mara moja kinaweza kusema wenye uraibu wako tofauti na wenzao; hakiwezi kusema kama simu ndiyo iliyoleta tofauti, au wenye breki dhaifu tangu awali ndio waliovutwa zaidi na simu. Huenda yote mawili yanafukuzana. Halafu kuna sonona, wasiwasi na tatizo la kutotulia, ambayo mara nyingi huambatana na uraibu huu na yenyewe hubadilisha makundi yale yale. Pia kuna kosa la kiufundi linalojulikana vizuri kwa wapigaji wa picha hizi: kichwa kikisogea hata sehemu ya milimita, hesabu ya muunganiko inaharibika, na watoto wasiotulia husogea zaidi. Mtafiti asipolisafisha hilo, atatangaza mwendo wa shingo kuwa ugonjwa wa ubongo.

Ndivyo ilivyo pia kwa utafiti maarufu wa London wa mwaka 1998, ambapo wanaume 8 walicheza mchezo wa video wa kuendesha kifaru cha vita na dopamini ikaonekana kuongezeka ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu iitwayo striatamu. Umetumiwa mno kusema mchezo ni sawa na kokeini. Ulichoonyesha ni kwamba mfumo wa hamasa ulikuwa unafanya kazi yake. Mfumo huo huo huamka mtu akinusa chakula akiwa na njaa. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini waliripoti kwamba wanaume wachache wenye uraibu wa intaneti walikuwa na vipokezi pungufu vya dopamini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, katika striatamu. Hilo lina mantiki: anayeishi ukuta mmoja na mashine ya kusaga hafikii mwezi wa tatu akiisikia kama mgeni anavyoisikia. Lakini watu wachache, kipimo kimoja. Lichukuliwe kama dalili, lisichukuliwe kama hukumu.

Usingizi, na ile miezi ya kusubiri

Kama kuna njia moja ambayo intaneti hugusa ubongo bila ubishi mkubwa, ni usingizi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10. Mwanga wa kioo, hasa ule wa buluu, huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, na msisimko wa video huchelewesha zaidi. Ubongo ulionyimwa usingizi hupoteza kwanza ile breki ya mbele. Yaani anayelala kwa muda wa saa nne tu anaamka na kundi la udhibiti likiwa hoi, na siku hiyo simu inamshinda zaidi kuliko jana. Bando za usiku za bei nafuu zinamuita mwanafunzi wa chuo saa zile zile ubongo wake unapotakiwa kulala. Na bando linaloisha muda lina mtego wake: mtu aliyebakiza MB 800 saa tano usiku anaangalia asichokihitaji ili zisipotee. Saa ya kuisha imekuwa taa.

Umri unazidisha. Sehemu ya mbele ya ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya kati ya ishirini, wakati mfumo wa hamasa huwa umeshachachamaa tangu balehe. Kwetu kuna kipindi maalumu ambacho wazazi wengi hawakitazami kwa jicho hili. Kijana ametoka bweni la sekondari, ambako simu imekatazwa, amemaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, na kidato cha tano huanza takriban Julai. Miezi kama saba au nane, mara nyingi na simu janja ya kwanza maishani aliyopewa kama zawadi ya kumaliza, bila ratiba, bila kengele. Tabia inayojengeka hapo itasafiri naye. Zawadi iende pamoja na kazi yenye saa zake: duka la mama mdogo, kozi ya udereva au ushonaji, shamba la viazi. Ipewe tangu wiki ya kwanza, kabla mazoea hayajakaa.

Pa kushika

Kwa kuwa ubongo umejifunza ishara, shughulika na ishara. Nia njema iliyotangazwa asubuhi haifiki saa sita usiku.

Anza kwa kuhesabu siku 7 bila kubadilisha kitu. Kwenye mipangilio ya simu nyingi kuna ukurasa wa muda wa matumizi. Hapo angalia idadi ya mara ulizofungua simu kuliko jumla ya saa. Anayefungua mara 110 kwa siku ana taa nyingi, hata kama saa zake ni mbili. Kwenye karatasi andika mara tano tu kwa siku: saa, mahali, na kilichotangulia. Kitandani. Choo. Baada ya kugombana. Mteja kaondoka.

Kisha zima arifa zote, bakiza simu zinazoingia, meseji za kawaida na za pesa. Makundi ya WhatsApp yanyamazishwe, hata la ukoo. La msiba watakupigia. Programu inayokushinda iondoe kwenye ukurasa wa mbele na ufute nywila iliyohifadhiwa, ili kila kuingia kudai kuandika. Lengo ni kuzirefusha zile sekunde tatu ziwe ishirini. Kundi la udhibiti ni zito kuamka, lakini likipewa nafasi huamka.

Usiku simu ilale mbali. Penye sebule, chaja iwe sebuleni, na ununue saa ya kengele, maana "naitumia kuamkia" ndicho kisingizio kinachoirudisha simu kwenye mto wa kulalia. Kwenye chumba kimoja cha kupanga, chomeka chaja ukutani karibu na mlango, mbali na kitanda. Nyanda za juu zina msaada wake hapa: Juni na Julai baridi ya Mbeya au Njombe inaposhuka chini ya nyuzi 10, hatua nne kutoka kwenye blanketi ni safari. Bando nunua la mchana, dogo, linaloisha kabla ya kulala.

Siku za kwanza hali huwa mbaya zaidi, na hapa ndipo wengi wanaachia. Ishara inawaka, juisi haiji, seli zinanywea. Mtu anakuwa na hasira, hatulii, mkono unapapasa mfuko mtupu. Huo si ushahidi kwamba njia imeshindwa. Wimbi la hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka ndani ya dakika kadhaa lisipolishwa. Wakati huo mikono ipewe kazi: kuosha vyombo, kuchota maji, kutembea hadi dukani bila simu.

Wazazi, kuwanyang'anya ghafla kuna kosa lake. Mtoto analia au anafoka dakika ishirini, mama anachoka, anamrudishia "kidogo tu". Kesho kutwa inakataliwa, mtondo inarudishwa. Umemfundisha kwamba kelele hulipa mara moja moja, na malipo ya mara moja moja ndiyo yanayoganda kuliko yote, kama ile video ya saba. Sema saa chache unazoweza kuzisimamia kila siku, na uzisimamie. Na mzazi akila huku anaperuzi, sheria hiyo imekufa mezani.

Ikiwa baada ya wiki nne hadi sita kijana bado haendi darasani, halali, amejitenga, au amekopa kwa ajili ya kubeti, mpeleke idara ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Akizungumzia kujidhuru, msisubiri wiki wala siku. Tiba yenye ushahidi zaidi ni mazungumzo yaliyopangwa, mara moja kwa wiki kwa miezi kadhaa, ya kubadili fikra na tabia. Na mara nyingi mhudumu atatafuta kwanza sonona au wasiwasi uliojificha nyuma ya simu, kwa sababu huo ukitibiwa simu yenyewe hulegea. Nenda na ile karatasi ya siku 7. Itampa mhudumu saa, mahali na kilichotangulia, mambo ambayo kijana akiwa ameinamisha kichwa mbele ya mgeni hatayasema.